Ng'ombe Wawili wa Bwana Mtaalamu

Mwezi uliopita binti yangu alinipigia simu kutoka Ulaya, anakosomea uuguzi. Hakujua acheke au alie. Hospitali anakofanyia mazoezi walikuwa wamefanya sherehe ya kumuaga mwenzao, na mwenyeji, mama mmoja mkarimu sana, akamtengea kimeza chake pembeni, mbali na wanaume ili asikwazike, pamoja na sahani ya karoti mbichi. Nyama hakuwekewa. Keki pia hakuwekewa, maana yule mama hakuwa na hakika kama Muislamu anakula keki. Kisha akamuuliza kwa sauti ya huruma kama baba yake anajua kwamba yuko pale.

"Baba," akaniambia, "nilikuwa na njaa, na keki ilikuwa ya chokoleti."

Nilicheka mpaka simu ikaniponyoka. Si kwa ubaya. Ni kwamba mambo hayo mimi niliyaona kwetu mlimani, Upare, kabla hata ya kufikiria kwamba nitakuwa na binti. Tena hatukuyafuata, yaliletwa mpaka mlangoni na gari la mradi. Kaa nikusimulie, mwenzangu. Kama umekulia milimani utanielewa upesi, na kama umekulia tambarare utanivumilia.

Kijiji chetu ukitokea Same unakipanda mpaka masikio yanaziba. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ulimjua jirani kwa kikohozi chake kabla hujamwona. Sisi watoto tulianza siku kwa kukata majani ya ng'ombe, mikono imekufa ganzi, kisha tunarudi jikoni kwa Bibi kula makande ya jana yaliyopashwa moto. Chai ilikuwepo, sukari haikuwepo. Ilikuwa ile miaka ambayo duka la ushirika lilikuwa na muuzaji, mizani na kufuli kubwa, ila bidhaa ndizo zilikosekana. Tulikunywa chai kwa kutafuna kipande cha muwa, funda moja na tafuna moja, na Bibi akituambia kwamba wafalme wa zamani walikunywa hivyohivyo. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Nyama ilikuwa jambo la kuota.

Babu yangu alikuwa Muislamu wa swala tano. Bibi alikuwa Mlutheri wa kwaya, sauti ya pili, na hakuwahi kubadili. Jumapili Babu alimsindikiza mpaka mlango wa kanisa, akaketi nje kwenye ukuta wa mawe na mwavuli wake, akamsubiri. Bibi akitoka, Babu anamuuliza, "Mchungaji amesemaje leo?"

"Amesema waume wapunguze ubishi."

"Wiki iliyopita pia alisema hivyo."

"Ni kwa sababu hamsikii."

Nyumba za kwetu nyingi zilikuwa hivyo. Mjomba Mlutheri, shangazi Muislamu, mkwe Mkatoliki, na wote wanazikana na kuozana. Ndiyo maana kisu cha Babu kilikuwa na heshima kuliko shamba lake la kahawa. Yeyote aliyekuwa na shughuli, awe anaozesha, anabatiza au anaanua matanga, alimwita Babu amchinjie, kwa sababu nyama ya kisu cha Babu ililiwa na kila mtu aliyeingia uani. Mkristo mwenye akili timamu hakuchinja mwenyewe halafu akamwambia shemeji yake Muislamu ale mchicha. Ingekuwa ni kumfukuza. Mtu alikuja jioni, akasimama mlangoni akasema tu, "Mzee, kisu kinaitwa," na Babu akaanza kutafuta kofia. Hakulipwa. Alipewa shingo ya mnyama, basi. Siku yake ya kazi nyingi kuliko zote ilikuwa Krismasi. Tangu alfajiri alipita nyumba kwa nyumba za Walutheri akisoma Bismillahi, na sisi wajukuu nyuma yake tukibeba shingo kama jeshi lililoshinda vita.

"Mgeni haulizwi dini," alikuwa akisema, "anaulizwa njaa."

Sasa, juu ya kijiji kulikuwa na ndiva, lile bwawa la wazee wetu la kukusanya maji ya mfereji usiku ili mchana yamwagiliwe mashambani. Ndiva ilikuwa imepasuka, na saruji katika miaka ile ungeipata kwa kuiota kama nyama. Ndipo akaja Bwana Mtaalamu. Alitoka nchi moja ya Ulaya, mrefu, mwekundu shingoni, amejifunza Kiswahili sanifu kuliko mwalimu wetu wa darasa la sita. Alikuja na mkewe, na dereva, na lori la saruji. Tulimpenda siku hiyohiyo. Nasema kweli, alikuwa mtu mwema, na ndiva aliyoitengeneza inashika maji hata leo.

Shida ni kwamba kabla ya kuja kwetu alikuwa amefundishwa Muislamu ni nani.

Siku ya kwanza alikuja kumsalimu Babu. Bibi, kwa kuwa nyumba ni yake, akatoka jikoni akajifuta mkono kwa khanga na kuunyosha. Bwana Mtaalamu akaruka nyuma kama aliyeona nyoka. Akaweka kiganja kifuani, akainama, akatazama chini. Mkono wa Bibi ukabaki hewani.

"Nina upele?" Bibi akamuuliza Babu.

Yule mzungu akamgeukia Babu, akasema kwa adabu kubwa, "Mzee, naomba ruhusa yako nimsalimu mke wako."

Babu akakuna ndevu. "Baba, mimi mwenyewe nikitaka kusema naye huwa naomba ruhusa. Muulize yeye."

Bibi aliingia ndani, na kicheko chake tulikisikia kikigonga masufuria. Mke wa mzungu naye alikuja siku nyingine amejifunga kitambaa kichwani mpaka kope, akakataa kiti cha sebuleni, akaenda kuketi jikoni kwenye moshi pamoja na wanawake kwa heshima ya mila zetu. Jikoni hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Bibi na wenzake walikuwa sebuleni, wanamsubiri yeye.

Sisi nasi tulikuwa na yetu, nisijifanye. Tuliamini kila mzungu ni padri au daktari, na huyu asiye padri wala daktari tulidhani amefukuzwa kazi zote mbili.

Kazi ya ndiva tuliifanya kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, wanaume wanabeba mawe, wanawake mchanga, watoto maji. Siku ya kwanza, jua lilipofika utosini, Bwana Mtaalamu akapuliza filimbi. Akatangaza kwamba anajua Waislamu wana swala ya mchana, kwa hiyo wapumzike, wakaswali bila haraka, mradi utaheshimu imani yao. Wengine waendelee. Kisha, ili kusaidia, akaanza kuwaonyesha waende. Wewe. Wewe. Wewe pale. Alichagua waliovaa kofia.

Mwenzangu, mlimani kwetu kofia ni blanketi la kichwa. Asubuhi ya baridi kila mwanamume ameivaa, na kila mwanamke amejitanda khanga. Kwa kipimo cha Bwana Mtaalamu, kijiji kizima kilikuwa cha Kiislamu saa moja asubuhi, na kufika saa saba, jua likiwaka, karibu wote walikuwa wameritadi.

Katika waliochaguliwa alikuwemo mzee wa kanisa, kaka yake Bibi, mtu wa sauti nzito aliyeshika funguo za kanisa tangu sijazaliwa. Alifungua mdomo aeleze, akaangalia jiwe alilokuwa amebeba, akaufunga. Akalitua jiwe. Akaenda nyuma ya mwamba, akalala.

Kesho yake hapakuwa na kichwa kitupu pale ndivani. Mhazini wa kanisa alikuja na kofia ya mkwewe iliyomfika mpaka nyusi. Mkatoliki mmoja alikosa kofia akafunga taulo. Uislamu ulienea mlimani kwetu kwa kasi ambayo hakuna sheikh aliyewahi kuiona. Filimbi ikilia, wote wanatawanyika vichakani, na Bwana Mtaalamu anasimama ametoa kofia yake yeye, ameguswa. Babu na wenzake wa kweli walitawadha kwenye mfereji, wakaswali, wakarudi baada ya muda mfupi tu, na walikuta hakuna mwingine kazini isipokuwa wanawake.

"Shemeji," Babu alimwambia mzee wa kanisa aliyekuwa akitoka kichakani na majani kwenye nywele, "swala yako ni ndefu kuliko yangu."

"Nilikuwa na dhambi nyingi."

Tulicheka majuma kadhaa. Kisha ndiva ikakaribia kwisha, na kicheko kikakatika.

Bwana Mtaalamu aliita mkutano. Mradi umetoa ng'ombe wawili na mchele wa Ndungu, ule wa kule tambarare, kwa ajili ya karamu ya kufungua ndiva. Ng'ombe wawili! Watu wakapiga vigelegele. Akainua mkono. Amefikiri sana, akasema, jinsi ya kuheshimu dini zote. Basi uwanja utagawanywa kwa kamba. Upande wa chini, kuelekea msikitini, Waislamu na ng'ombe wao, atakayechinjwa na Babu. Upande wa juu, kuelekea kanisani, Wakristo na ng'ombe wao, atakayechinjwa na dereva. "Ili Wakristo nanyi muwe huru," akasema.

Hakuna aliyejua alikuwa amefungwa wapi mpaka awekwe huru. Lakini mfereji wa kuingilia ndivani ulikuwa haujamalizwa, saruji ilikuwa bado stoo kwake, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa kuhesabu mbali. Akasema, "Mgeni amesema. Tunashukuru."

Jioni ile Babu hakula. Aliketi karibu na moto akinoa kisu ambacho tayari kilikuwa kinakata unyoya. Bibi akamwambia nyama si ndiyo ileile.

"Siyo," Babu akasema. "Wakila siku moja bila mkono wangu, wataona inawezekana. Mwaka ujao arusi itakuwa na vyungu viwili. Mwaka wa pili zitakuwa arusi mbili. Sisi tutabaki kusalimiana barabarani kama watu wa mjini."

Sikuwahi kumwona Babu akiogopa, si chui, si maofisa wa kodi. Siku ile aliogopa sufuria.

"Na mimi nikae upande gani?" Bibi akauliza.

Babu akakitazama kisu. Akaendelea kukinoa.

Asubuhi ya karamu kamba ilikuwa tayari imefungwa, nyekundu, imenyooka kama ya uwanja wa mpira. Bwana Mtaalamu, ili asionekane kupendelea, alikuwa ameweka kiti chake juu ya mstari wenyewe, kamba ikipita kati ya miguu ya kiti. Babu alichinja ng'ombe wa chini kimya kimya. Kule juu dereva alisimama mbele ya ng'ombe wa pili ameshika panga. Alikuwa kijana wa mashamba ya mkonge, mwenyeji wa mbali, na katika maisha yake hajawahi kuchinja kitu kikubwa kuliko jogoo. Ng'ombe akamtazama. Dereva akamtazama ng'ombe. Kisha dereva akasema tumbo linamsokota, akaenda kukaa garini.

Hapo wanawake wakafika na masufuria, Bibi mbele, kwaya nzima nyuma yake. Walipita upande wa Wakristo bila kupunguza mwendo, wakaruka kamba, wakatua mzigo wao chini kwenye nyama ya Babu. Walioshindwa kuruka waliinuliwa kamba na Waislamu.

Bwana Mtaalamu akainuka kitini. "Mama," akamwambia Bibi, kwa upole, "samahani. Wewe ni Mkristo. Mahali pako ni kule."

"Kule kuna nini?"

"Kuna ng'ombe wa Wakristo."

Bibi akamwangalia yule ng'ombe, aliyekuwa sasa anakula maua ya kanisa. "Alibatizwa lini?"

Watu walijishika mbavu. Mzungu akawa mwekundu mpaka kwenye masikio. Bibi hakucheka. Alikuwa anapanga mawe ya moto. "Baba, mafiga ni matatu. Hayagawanyiki kwa mbili. Mimi nipike kule, wajukuu zangu wale huku? Binti wa yule ameolewa huku, kijana wa yule ameoa kule. Unatutafutia kesi."

Hapo ndipo Bibi aliposema neno baya, maana sisi Wapare tunasingiziwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Si kweli. Tunaanza na mbuzi. Neno kesi lilipotajwa tu, mzee wa kanisa akavua kofia, akaenda akasimama mbele ya Babu, akasema kwa sauti ya kusomea tangazo:

"Shemeji, kisu kinaitwa. Ng'ombe wa pili."

Babu akafuta kisu kwa jani la mgomba, pole pole. "Mimi nimeambiwa ni wa ng'ombe mmoja. Wewe nenda kawe huru."

"Nani kasema nilifungwa?"

"Ulikuwa mkutanoni. Hukukataa."

Kesi ikawa imefunguliwa. Wazee wakaketi kwenye nyasi, kamba ikapita juu ya mabega yao. Mzee wa kanisa akadai kwamba amechinjiwa na Babu tangu ubatizo wa mtoto wake wa kwanza, na kwamba mwenye kuchinja hana haki ya kususa. Akasema ana binti aliyeolewa na Muislamu wa Lembeni, na leo wajukuu wamekuja. Wakipanda kule juu wale nini?

"Makande," Babu akasema.

"Siku ya karamu? Makande?"

"Au walale nyuma ya mwamba. Babu yao anapafahamu."

Watoto tuligaragara. Lakini mimi nilikuwa karibu, niliona Babu akiendelea kufuta kisu kilichokwisha kuwa safi. Hakuwa anatania. Alitaka wamwombe, wote, mbele ya watu, waseme kwa vinywa vyao kwamba chungu ni kimoja. Mzee wa kanisa naye nadhani aliliona hilo. Akaacha sauti ya tangazo.

"Shemeji," akasema taratibu, "mimi kwa mkono mwingine sijui kula."

Babu akainuka. Mwenyekiti akawahi kutoa hukumu kabla mtu mwingine hajaomba nafasi ya kusema: Babu achinje wote wawili, apewe shingo mbili, na dereva aitwe garini aje ashike miguu. Dereva alikuja, tumbo limepona.

Bwana Mtaalamu alikuwa bado amesimama kwenye mstari wake. Akamuuliza mzee wa kanisa, kwa uchungu wa kweli, "Kwa nini hamkuniambia siku zote hizi?"

"Hukutuuliza, bwana. Ulikuja unajua."

Aliinama mwenyewe akafungua kamba. Wanawake wakaichukua, wakaanikia ngozi mbili. Tulikula mpaka jioni, wali wa Ndungu na nyama ya mchuzi, na Bwana Mtaalamu akakaa kwenye mkeka kati ya Babu na mhazini wa kanisa, akichovya kwenye sinia moja nao na kuungua vidole. Babu alimpa shingo moja aende nayo. Mke wa mzungu alipoulizwa baadaye ilipikwaje, alisema waliichemsha na viazi, na Bibi alihuzunika siku mbili.

Hayo yamepita. Baadaye milango ya biashara ilifunguliwa, sukari ikarudi, mitumba ikajaa, na mabucha yakafunguliwa Same kila kona. Nyama sasa unainunua kwa kilo, imefungwa kwenye mfuko, hujui mkono wa nani, na hakuna anayesimama mlangoni jioni kuita kisu. Babu aliniomba mara mbili nijifunze kazi yake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikamwambia nina vyeti. Alikubali kwa kichwa, hakunisumbua tena. Alipofariki kwaya ya Bibi iliimba nje ya uzio wa makaburi mpaka udongo ukasawazishwa, na Krismasi ile wengi mlimani walikula makande.

Miaka michache iliyopita nilimwozesha kijana wangu, chini Same, kwenye ukumbi. Wapishi wa kukodi waliniuliza, "Mzee, Waislamu tuwawekee meza ngapi?" Walikuwa vijana nadhifu, wana haraka, na wala hakukuwa na mzungu hata mmoja pale. Nikawatajia idadi. Sikuona neno.

Siku ya arusi alishuka kutoka mlimani bibi kizee mmoja, wa mwisho aliye hai katika kwaya ya Bibi. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, akachukua sahani. Kisha akasimama katikati ya ukumbi, akatazama meza za huku, akatazama meza za kule, zenye vitambaa vya rangi mbili, moja ya Waislamu na moja ya Wakristo. Akanigeukia.

"Mwanangu, mimi nikae wapi?"

Nami, mjukuu wa yule mzee, nikamwonyesha kwa kidole.